Mbwa Mwenye Kiu Isiyokwisha

Katika kaunti za Homa Bay na Migori, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, kuna maboma mengi yenye mbwa. Mbwa hulinda mbuzi dhidi ya fisi, humbwekea mwizi usiku, na huwasindikiza watoto wanaochunga. Hata hivyo mbwa huyo anapougua, mara nyingi hatazamwi mpaka ashindwe kuinuka. Ng'ombe akikosa kula siku moja, mwenyewe humwita daktari. Mbwa akikosa kula juma zima, husemwa kwamba amezeeka.

Somo hili lahusu saratani, ugonjwa unaowapata zaidi mbwa wa makamo na wazee. Hasa lahusu jambo ambalo watu wachache hulijua, yaani kwamba saratani haimdhuru mbwa kwa uvimbe peke yake, bali pia kwa kuivuruga damu yake. Mara nyingine dalili za mvurugo huo huonekana kabla uvimbe wenyewe haujagunduliwa. Tena mara nyingi mvurugo huo waweza kutulizwa, ikiwa mwenye mbwa atazijua dalili na kuzieleza vema kwa daktari wa mifugo.

MFANO WA BOMA MOJA

Na uchukuliwe mfano wa boma moja karibu na Ndhiwa. Mbwa wa boma hilo anaitwa Simba, na umri wake ni miaka minane. Amekuwa mvivu kwa majuma mawili, chakula anakiacha nusu, na usiku anakojoa barazani, jambo ambalo hakulifanya tangu alipokuwa mtoto. Kijana wa boma anamwambia mzee wake, "Baba, Simba amemaliza karai la maji mara tatu tangu asubuhi." Mzee anajibu, "Basi mwondolee hayo maji, mwanangu. Ndiyo yanayomfanya achafue baraza."

Shauri la mzee laonekana kuwa la busara, na wengi wangetoa shauri hilo hilo. Lakini kama Simba ana ugonjwa unaoelezwa hapa chini, kumnyima maji kwaweza kumwua upesi kuliko saratani yenyewe. Sababu yake itafahamika mara ugonjwa utakapoelezwa.

SARATANI NI NINI?

Mwili wa mnyama umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kila chembe huzaliwa, hufanya kazi yake, hufa, na nyingine hushika mahali pake kwa kipimo. Saratani ni chembe zilizoasi kipimo hicho. Huzaana bila kukoma, na hatimaye nyingi huenea hadi viungo vingine. Kwa mbwa, mojawapo ya saratani zinazoonekana sana ni limfoma, ambayo aghalabu hushika mitoki, yaani zile tezi zilizo chini ya taya, mbele ya bega na nyuma ya goti. Mitoki hiyo huvimba ikawa kama ndimu, lakini kwa kawaida haiumi. Kwa hiyo mbwa halii, wala mwenyewe hashughuliki.

Mbwa wazururao hupata pia uvimbe mwingine, ambao huambukizwa kwa kupandana. Huota penye viungo vya uzazi, huwa na vinundu vingi vyekundu, na hutoa damu. Uvimbe huo ni wa ajabu, kwani chembe zenyewe za saratani ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, na wataalamu wamegundua kwamba ulianza kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Lakini huo kwa kawaida hauivurugi damu sana, na aghalabu hupona kwa sindano za dawa iitwayo vinkristini, zinazopigwa mara moja kwa juma kwa majuma machache. Basi si kila saratani ya mbwa ni hukumu ya kifo. Zile zenye hila zaidi ni zile zinazofanya kazi yake kwa siri ndani ya damu.

KIU NA KALSIAMU

Katika damu ya kila mnyama mna kalsiamu, madini yale yale yanayoipa mifupa ugumu. Kiasi chake hulindwa sana. Kwa mbwa mzima huwa kama miligramu 9 hadi 11 na nusu katika desilita moja. Shingoni mwa mbwa kuna tezi nne ndogo ambazo hutoa homoni ya kuiamuru mifupa itoe kalsiamu, na kuziamuru figo ziizuie isitoke na mkojo. Kalsiamu ikitosha, tezi hizo hunyamaza.

Baadhi ya saratani hutengeneza kitu kinachoiga homoni hiyo. Zinazojulikana zaidi kwa tendo hilo ni limfoma, na saratani ya tezi mbili ndogo zilizo kando ya tundu la haja kubwa. Mambo huwa kama ya mlinzi wa ghala aliyeletewa barua yenye mhuri wa bandia: huifungua milango, na mali hutoka bila ya mwenye mali kujua. Mifupa huimwaga kalsiamu, figo huizuia, na kiasi katika damu hupanda siku hata siku. Kwa mbwa, saratani ndiyo sababu kubwa kuliko nyingine zote ya kalsiamu kuzidi katika damu.

Kalsiamu iliyozidi huzifanya figo zisiweze kuyazuia maji. Hapo ndipo lilipo kosa la mzee wa Ndhiwa. Simba hakojoi sana kwa sababu anakunywa sana. Anakunywa sana kwa sababu maji yanamtoka bila kuzuilika. Akinyimwa maji, mkojo utaendelea kutoka, damu itakuwa nzito, na figo zitaharibika kabisa. Dalili nyingine za hali hiyo ni ulegevu, kutapika, kukosa hamu ya kula na kufunga choo.

Kiu hiyo yaweza kupimwa nyumbani. Mbwa afungwe siku moja mahali penye kivuli, awekewe maji kwa chupa ya lita moja, na kila chupa ihesabiwe. Akinywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, amepita kiasi. Kwa mbwa wa kilo 15, hiyo ni lita moja na nusu. Hesabu hiyo, ikiandikwa katika karatasi na kupelekwa kwa daktari, ina thamani kubwa kuliko maneno mengi.

Matibabu ya kwanza ni maji ya chumvi yanayotiwa katika mshipa, ili kuziosha figo na kuishusha kalsiamu. Baada ya hapo daktari hutafuta saratani ilipo, hata kwa kupapasa kwa kidole ndani ya tundu la haja kubwa, kwani uvimbe wa hapo waweza kuwa mdogo kama punje ya haragwe na bado ukaivuruga damu yote.

SUKARI INAPOPUNGUA

Kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, ambayo huiondoa sukari katika damu na kuiingiza katika chembe za mwili. Uvimbe wa chembe zinazotoa insulini hauna breki: huitoa hata sukari inapokuwa chache. Saratani nyingine kubwa, kama zile za ini, zaweza pia kuishusha sukari. Inapopungua chini ya miligramu 60 katika desilita, ubongo hukosa chakula chake. Mbwa hutetemeka, hulegea miguu ya nyuma, hutazama kama asiyemjua bwana wake, na huweza kuanguka na kupigwa na degedege, hasa baada ya kukimbia au kukaa na njaa. Kisha huinuka, na watu husema kwamba yamekwisha.

Hapa pana onyo ambalo halina budi kutiliwa mkazo. Mbwa anayeyumba, anayetokwa na mate au kubadilika tabia aweza kuwa na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao umejulikana nchini Kenya tangu mwaka 1912, na ambao ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua. Kwa hiyo mtu yeyote asitie mkono wala kijiko kinywani mwa mbwa aliyeanguka, hata kama amesikia kwamba asali au sukari humsaidia. Watoto waondolewe, mbwa afungiwe mahali peke yake ikiwezekana bila kumshika, na daktari wa mifugo aitwe. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kupata chanjo.

Daktari akisharidhika kwamba si kichaa, tone moja la damu na kipimo kama kile cha wenye kisukari hutoa jibu kwa dakika chache. Mbwa wa namna hiyo hupewa chakula kidogo kidogo mara nne hadi sita kwa siku, wala hazoezwi vitu vitamu, kwani utamu wa ghafula huuchochea uvimbe kutoa insulini zaidi.

MBWA AKONDAYE HALI ANAKULA

Mvurugo wa tatu ni kukonda. Chembe nzima huichoma sukari pamoja na hewa ya oksijeni, na hupata nguvu nyingi. Katika miaka ya 1920 Otto Warburg, mtaalamu wa Ujerumani, alionyesha kwamba chembe za saratani huitumia sukari kwa njia ya uchachu, hata pale ambapo hewa ipo. Kwa njia hiyo sukari moja hutoa vipimo viwili tu vya nguvu badala ya 30 au zaidi, na masalio yake ni asidi ya maziwa. Asidi hiyo hurudi katika ini, ambalo huifanya kuwa sukari tena kwa gharama ya vipimo sita.

Hasara yake ni kama ya mtu auzaye gunia la mahindi kwa shilingi mbili, kisha akalinunua tena kwa shilingi sita, akaliuza tena kwa mbili. Hata awe na shamba kubwa namna gani, atafilisika. Tena mwili huanza kuivunja misuli yake yenyewe ili kupata mali ya kuendeshea biashara hiyo. Ndipo mifupa ya kichwa na mgongo huchomoza, ingawa mbwa bado anakula.

Mbwa wa namna hiyo hasaidiwi sana na ugali mtupu. Omena waliopikwa, mayai, nyama na mafuta kidogo humfaa zaidi, kwa kadiri daktari atakavyoruhusu baada ya kuzipima figo. Lakini mbwa ambaye kalsiamu yake imezidi asiongezewe unga wa mifupa wala vidonge vya kalsiamu kwa kudhaniwa kwamba amekosa nguvu.

HATARI BAADA YA DAWA

Kuna mvurugo wa nne, ambao huja dawa inapofanya kazi vizuri mno, na watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wana sababu ya pekee ya kuufahamu. Mwaka 1958 Dakta Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika. Uvimbe huo, ambao sasa waitwa kwa jina lake, huonekana zaidi katika nchi zenye malaria nyingi, na Nyanza ni mojawapo. Ni limfoma iongezekayo upesi mno, na kwa dawa huweza kuyeyuka kwa siku chache. Lakini chembe nyingi zikifa kwa pamoja, vilivyomo ndani yake humwagika katika damu: potasiamu huweza kuushtua moyo, na fosfati na asidi ya mkojo huziba figo. Kwa sababu hiyo madaktari humtilia mtoto maji mengi mshipani kabla ya kuanza dawa.

Mbwa mwenye limfoma kubwa aweza kupatwa na jambo lilo hilo katika siku chache za mwanzo wa matibabu, ingawa ini la mbwa wengi huweza kuibadilisha asidi ya mkojo isiwadhuru. Akilegea ghafula, akitapika au akiacha kukojoa baada ya sindano ya kwanza, arudishwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Mtu asiseme kwamba dawa imeshindwa. Pengine imeshinda kwa haraka kupita kiasi.

MAGONJWA YANAYOFANANA

Si kila mbwa akondaye ana saratani. Bonde la Lambwe, penye Hifadhi ya Ruma, limejulikana tangu zamani kwa mbung'o, na mbwa aumwaye na mbung'o huweza kupata malale ya wanyama: hukonda, mitoki huvimba, na macho huingia ukungu. Kupe nao huleta homa zinazovimbisha mitoki na kupunguza damu. Minyoo hukondesha, ugonjwa wa figo na kisukari huleta kiu. Mengi ya hayo hutibika kwa dawa za kawaida, na hiyo ni sababu nyingine ya kutomhukumu mbwa kwa macho tu. Tone la damu katika kioo, na sindano nyembamba inayofyonza chembe chache za mtoki, huweza kuyatenga. Sampuli zisizoweza kusomwa karibu hupelekwa katika maabara za mifugo, kama ile ya Kericho au za Kabete.

MAMBO YA KUFANYA NA YA KUACHA

Dalili ya mvua ni mawingu. Mwenye mbwa ampapase mbwa wake mara moja kila mwezi, chini ya taya, mabegani, nyuma ya magoti, kwenye matiti ya mbwa jike na chini ya mkia. Kinundu kipya kipimwe kwa kulinganishwa na punje ya mahindi, haragwe au ndimu, na tarehe iandikwe.

Mbwa mwenye kiu awe na maji wakati wote. Asipewe dawa za maumivu za binadamu, kama ibuprofeni na diklofenaki, kwani huyatia tumbo vidonda na kuzidhuru figo. Wala asinunuliwe vidonge vya prednisoloni dukani kabla ya kupimwa. Vidonge hivyo huweza kuipunguza limfoma na kuishusha kalsiamu kwa muda. Lakini mitoki ikinywea, daktari hataona ugonjwa ulipo, na dawa kali zitakazofuata huenda zisifanye kazi vema. Dawa ile ile ikitolewa na daktari baada ya uchunguzi ni msaada. Ikitangulia, ni pazia.

Kuna pia jambo la kuzuia. Mnyoo mmoja mwekundu huishi katika umio wa mbwa na kufanya vinundu, ambavyo baadhi yake hugeuka kuwa saratani. Watafiti waliowachunguza mbwa wa Kenya katika miaka ya 1960 na 1970 waliandika habari zake. Mbwa huupata kwa kula wadudu wanaobingirisha mavi ya ng'ombe, au kwa kula matumbo mabichi ya kuku na mijusi waliokula wadudu hao. Kwa hiyo matumbo ya kuku yasitupiwe mbwa yakiwa mabichi, na daktari aulizwe dawa ya minyoo inayofaa.

MWISHO WA MFANO

Katika mfano wa Ndhiwa, kijana aliyahesabu maji badala ya kuyaondoa. Siku ya pili Simba alipakiwa katika bodaboda hadi kwa daktari wa mifugo. Mitoki ya shingo ilikuwa imevimba, na kalsiamu ilikuwa imezidi. Alitiwa maji mshipani kwa siku mbili, uchunguzi wa mtoki ukathibitisha limfoma, na daktari akamweleza mzee ukweli bila kuficha. Bila dawa, mbwa wa namna hiyo aghalabu huishi majuma manne hadi sita. Kwa dawa nyingi zinazochanganywa, wengine hufikia mwaka, lakini ni ghali na zahitaji safari nyingi. Kwa vidonge vya prednisoloni peke yake, huweza kupata mwezi mmoja au miwili ya nafuu.

Mzee alichagua vidonge. Kiu ilipungua, na kwa majuma saba Simba alikula, akatembea na mbuzi, akalala barazani bila kuichafua. Mitoki ilipovimba tena na chakula kikamshinda, daktari alikuja bomani akampiga sindano ya kumlaza asiamke, mzee na kijana wakiwa karibu naye. Mwaka uliofuata boma lilipata mbwa mwingine mdogo. Alichanjwa kichaa alipotimiza miezi mitatu, na kila mwanzo wa mwezi kijana humketisha kivulini akampapasa, kuanzia chini ya taya hadi chini ya mkia.